Asilimia Tatu Inakwenda Wapi?

Leo nataka tuzungumzie kile kikaratasi kinachobandikwa kwenye kaunta za maduka ya Mji Mkongwe, Unguja, na pia kwenye mapokezi ya hoteli na ofisi za kampuni za safari kuanzia Paje mpaka Arusha. Kimeandikwa kwa wino mzito: anayelipa kwa kadi aongeze asilimia tano. Kwingine wameandika tatu, kwingine nne. Mgeni anakisoma, anakunja uso, na moyoni anasema duka hili linaniibia. Mwenye duka naye anajua haibi, kwa sababu kila siku benki inamkata, na hiyo asilimia anaitafuta ili afidie kilichokatwa. Ukimuuliza nani anamkata, atakwambia ni benki iliyomletea mashine. Hapo ndipo ninapotaka tukae leo, kwa sababu benki iliyomletea mashine mara nyingi siyo inayochukua fungu kubwa, na mtu asiyejua nani anachukua nini hawezi kujua abishane na nani.

Tuchukue mauzo mamoja tuyafuatilie. Mtalii kutoka Italia, na Waitaliano ni wengi kule Kiwengwa, anaingia dukani, anapenda picha ya Tingatinga, wanapatana shilingi 300,000. Anatoa kadi ya mkopo ya benki yake ya Milano, anaichomeka kwenye mashine, anabonyeza namba yake ya siri, risiti inatoka. Tuseme mkataba wa duka hili na benki unasema makato ni asilimia tatu. Kesho yake kwenye akaunti ya duka inaingia 291,000. Zimeondoka 9,000.

Elfu tisa si fedha za kutisha, mtu atasema. Lakini picha ile mwenye duka aliinunua kwa mchoraji, akalipa kodi ya pango, umeme na kijana wa dukani. Tuseme gharama zake zote kwa picha hiyo ni 240,000. Faida yake ni 60,000. Sasa toa 9,000 kwenye 60,000 uone: ile asilimia tatu ya mauzo imekuwa asilimia kumi na tano ya faida. Hesabu hii ndiyo wafanyabiashara wengi wadogo hawaifanyi. Wanalinganisha makato na bei, na kwenye bei yanaonekana madogo. Yalinganishe na faida ndipo utajua uzito wake. Na kwa duka la Tanzania Bara, tangu Julai 2016 ada za huduma za benki zinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kwa hiyo juu ya ile 9,000 kuna 1,620 nyingine. Kama duka limesajiliwa kwa kodi hiyo linaweza kudai, kama halijasajiliwa basi imekwenda.

Sasa tuifuate 9,000 yenyewe. Mteja alipobonyeza namba ya siri, ujumbe ulitoka kwenye mashine ukaenda benki ya duka, yaani ile iliyoleta mashine. Kutoka hapo ukapita kwenye mtandao wa kadi, Visa au Mastercard, ukafika benki ya Milano. Milano ikaangalia kama mteja ana uwezo wa kulipa, ikajibu ndiyo, jibu likarudi njia ileile mpaka Unguja. Yote hayo kwa sekunde chache. Baadaye zinapofuata fedha zenyewe, benki ya Milano haitumi 300,000 kamili. Inakata chake kwanza, halafu inatuma kilichobaki. Mtandao wa kadi nao una ada zake, ambazo benki zote mbili zinalipa. Kinachobakia kwenye ile asilimia tatu ndicho cha benki ya Unguja au Dar es Salaam iliyoleta mashine, na humo humo inunue mashine, ilipe laini ya data, karatasi za risiti na fundi anayekuja kifaa kikigoma.

Kile inachokata Milano nitakiita ada ya benki ya mteja, ili tusipoteane. Kwa kadi ya mkopo ya kigeni, hilo ndilo fungu kubwa. Mara nyingi linazidi asilimia moja ya bei, na kwa kadi za daraja la juu, zile za watu wenye kipato kikubwa, linapanda zaidi. Kadi inavyokuwa ya kifahari, ndivyo duka linavyolipia zaidi kuipokea. Mwenye duka hakuichagua kadi hiyo, hajui masharti yake, na kwenye mashine kadi zote zinaonekana sawa.

Kwa nini benki ya mteja ilipwe na muuzaji? Benki zina majibu, na si majibu ya uongo. Kwenye kadi ya mkopo benki inamlipia mteja leo na yeye anairudishia mwezi unaofuata, kwa hiyo fedha zake zinakaa nje bila riba kwa majuma kadhaa. Mteja akishindwa kulipa, hasara ni ya benki, duka limeshapata fedha zake. Benki inagharimia mitambo ya kukamata wezi wa kadi. Na muuzaji anafaidika: yule mtalii hakuwa na 300,000 mfukoni, na bila kadi angenunua bangili mbili akaondoka. Nakubali hayo yote. Fedha taslimu nazo zina gharama zake ambazo hatuziandiki popote: noti bandia, chenji inayopotea, kijana anayepanga foleni benki asubuhi nzima, na hofu ya kulala na mauzo ndani.

Lakini kuna jambo ndani ya ada hiyo ambalo mimi siwezi kulibariki. Sehemu yake inarudishwa kwa mwenye kadi kama zawadi. Anapewa pointi za kununulia tiketi ya ndege, au anarudishiwa kiasi fulani cha alichotumia, au anaingia bure kwenye sebule za viwanja vya ndege. Benki inazitoa zawadi hizo kwa fedha ilizozikusanya kwa wauzaji. Kwa hiyo muuza picha wa Mji Mkongwe amechangia tiketi ya likizo ya mwakani ya mteja wake, na hakuna aliyemwomba. Na kwa kuwa duka linaweka bei moja kwa wote, na gharama ya kadi imeshaingia kwenye bei hiyo, mama wa Michenzani anayenunua kwenye duka hilohilo kwa noti naye amechangia. Yeye hana kadi, hana pointi, na hakuna risiti itakayomwambia kuwa amelipa. Jambo hili wataalamu wa uchumi wa Marekani na Ulaya wamelijadili kwa miaka mingi. Kwetu linatakiwa kutuuma zaidi, kwa sababu kwetu anayelipa kwa noti ni yule mwenye kidogo.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1950 kule New York, Frank McNamara na wenzake walianzisha Diners Club, kadi ya kulia chakula hotelini. Hoteli za chakula zilikatwa asilimia 7 ya bili, na mwanzoni kadi yenyewe ilikuwa ya karatasi ngumu. Septemba 1958 Bank of America ikawapelekea watu wapatao 60,000 wa mji wa Fresno, California, kadi ambazo hawakuziomba. Kadi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Pale Fresno benki ya mteja na benki ya duka ilikuwa moja, kwa hiyo swali la nani amlipe nani halikuwepo. Lilizuka pale benki nyingine zilipopewa leseni ya kutoa kadi hiyohiyo, mteja akawa na benki yake na duka likawa na yake. Ikabidi zipatane zigawane vipi makato. Ada ya benki ya mteja ilizaliwa kwenye mapatano hayo. Waliokaa mezani walikuwa mabenki. Wauzaji hawakuwepo, na miaka mingi imepita bado wengi wao hawapo.

Matokeo yake ni haya, na nawaomba mnisikilize kwa makini hapa. Katika biashara ya kawaida ushindani unashusha bei. Wauza nyanya wawili wakikaa jirani pale Darajani, nyanya zinashuka. Kwenye kadi, ushindani wa mitandao unaweza kupandisha. Visa na Mastercard zinagombania benki, kila mmoja anataka benki itoe kadi yenye nembo yake. Benki itachagua ipi? Itachagua inayoiletea ada kubwa zaidi. Basi kila mtandao unakuwa na sababu ya kuweka ada ya benki ya mteja juu ili ipendwe na mabenki, na bili inakwenda kwa muuzaji, ambaye hawezi kukataa kadi zinazobebwa na wateja wake wote. Ndiyo maana nchi nyingi zimefika mahali zikasema soko peke yake halitaishusha ada hii, lazima mtu aingilie.

Australia iliingilia mwaka 2003 kupitia benki kuu yake. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010, na kuanzia Oktoba 2011 benki kubwa zikawekewa ukomo kwenye kadi za kutoa fedha moja kwa moja kwenye akaunti: senti 21 kwa kila muamala na sehemu ndogo sana ya asilimia juu yake. Kadi za mkopo hazikuguswa, na ugomvi wa wauzaji na mitandao kuhusu kadi hizo upo mahakamani tangu 2005. Umoja wa Ulaya ndio uliokwenda mbali zaidi. Kuanzia Desemba 2015, ada ya benki ya mteja kwa kadi za kawaida za watu binafsi haitakiwi kuzidi asilimia 0.2 kwa kadi ya akaunti na asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo. Benki zililalamika, lakini kadi hazikutoweka. Watu wanachomeka na kugusa kadi mpaka kwenye kibanda cha kahawa.

Sasa mrudisheni yule Mtaliano wetu. Akiwa Roma, ananunua picha ya thamani ileile, kwa kadi ileile. Ada ya benki yake haiwezi kuzidi asilimia 0.3, yaani kwa hesabu ya shilingi zetu 900 katika 300,000. Anapanda ndege, anashuka Unguja, anatoa kadi ileile kutoka mfuko uleule, benki ni ileile ya Milano, mashine inafanya kazi ileile. Hapa ukomo ule haumo, kwa sababu sheria ya Ulaya inashika pale tu benki zote mbili, ya mteja na ya muuzaji, zinapokuwa ndani ya Ulaya. Benki ya Milano inachukua mara kadhaa ya ile iliyokuwa ikichukua Roma. Sijasikia hoja inayoeleza kwa nini kumlinda muuzaji wa Roma ni haki na kumlinda muuzaji wa Hurumzi, Mji Mkongwe, si lazima. Kuvuka mpaka kuna hatari zaidi ya udanganyifu, wanasema. Kidogo, ndiyo. Lakini kadi ina chipu, mteja ameweka namba ya siri, na duka linaonekana.

Kuna biashara moja inayoonyesha ubaya wa asilimia zaidi ya maduka ya watalii, nayo ni kituo cha mafuta. Tanzania Bara, mdhibiti wa nishati EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kenya, mdhibiti mwenzake EPRA hutangaza tarehe 14. Ndani ya bei hiyo faida ya muuza rejareja imewekwa kwa shilingi kwa lita. Haipandi kwa sababu tu mafuta yamepanda duniani. Tuseme lita ni shilingi 3,000 na makato ya kadi ni asilimia mbili: kituo kinalipa shilingi 60 kwa lita. Vita vikazuka mahali, lita ikafika 3,600. Faida ya kituo iko palepale, lakini makato sasa ni shilingi 72. Bei mwenye kituo hawezi kuipandisha, amefungwa na kikomo. Kwa hiyo ukifika kituoni ukaambiwa mtandao wa kadi hakuna, ukahisi mtandao upo ila hawautaki, huenda umehisi vizuri, na usimchukie yule kijana wa pampu. Dawa yake ingekuwa ada ya kiasi maalumu kwa kila muamala badala ya asilimia, au angalau asilimia yenye kikomo cha juu. Mitambo haifanyi kazi zaidi kwa sababu tangi limejaa.

Basi mwenye duka afanye nini? La kwanza ni kuuliza mkataba wake ni wa aina gani. Mikataba mingi ya maduka madogo ni ya kiwango kimoja: asilimia fulani kwa kadi yoyote itakayokuja. Ni rahisi kuelewa, na mtu asiyependa hesabu anaipenda. Ila tazama wateja wako. Kama una duka la vifaa vya ujenzi kule Mwanza na wateja wako wote wana kadi za akaunti za benki za hapahapa nchini, wewe unalipa kiwango kilichopangwa kwa kuhofia kadi ya mkopo ya kigeni ambayo hujawahi kuiona dukani. Mkataba wa aina ya pili unatenganisha mafungu: ada ya benki ya mteja kama ilivyo, ada ya mtandao kama ilivyo, na juu yake faida ya benki yako iliyoandikwa wazi. Huo ndio wa kuomba, hasa kama mauzo yako ya kadi ni makubwa. Hata wasipokupa, kitendo cha kuuomba kinawalazimisha waeleze.

Na usibishane juu ya kisichobishaniwa. Meneja wa tawi hawezi kukupunguzia ada ya Milano. Anaweza kukupunguzia faida ya benki yake, kodi ya mashine ya kila mwezi, na masharti ya kiasi cha chini cha mauzo. Kuna na jingine wengi hawalijui. Mteja anapolipa kwa kadi ya benki ileile iliyokuletea mashine, fedha inatoka akaunti moja kwenda nyingine ndani ya benki hiyohiyo. Hakuna benki ya pili ya kugawana nayo. Kama kiwango chako kwa muamala huo ni sawa na cha kadi ya kutoka ng'ambo, hapo una haki ya kuuliza kwa sauti. Nenda na taarifa ya akaunti ya miezi mitatu, iliyopigwa mstari kwenye miamala hiyo. Afisa wa benki akiona umejiandaa mazungumzo yanabadilika.

Turudi kwenye kile kikaratasi cha kaunta. Mikataba mingi ya mashine inamkataza muuzaji kumwongezea mteja bei kwa sababu ya kadi, kwa hiyo kabla ya kubandika soma wako. Ulaya na Uingereza zimepiga marufuku nyongeza hiyo kwa kadi za watu binafsi tangu Januari 2018, na mgeni wa huko akikiona kwako anadhani ni utapeli. Australia iliruhusu, kisha mwaka 2016 ikatunga sheria kwamba nyongeza isizidi gharama halisi ya kupokea kadi. Na hapo, ndugu zangu wenye maduka, niseme ukweli: ukikatwa asilimia tatu ukamtoza mgeni tano, zile mbili si fidia ya makato tena, na unaharibu jina la mji mzima. Kumpunguzia anayelipa taslimu ni njia safi zaidi, na mteja anaipokea kwa furaha.

Tahadhari nyingine ni ya mashine inayouliza mgeni alipe kwa shilingi au kwa euro. Ikichaguliwa euro, thamani ya ubadilishaji inapangwa na upande wa muuzaji, na huwa mbaya kwa mteja kuliko ya benki yake mwenyewe. Wafanyakazi wengine wanabonyeza euro bila kumuuliza mgeni, wengine kwa kuwa wameambiwa duka linapata mgawo. Kanuni za mitandao ya kadi zinataka mteja achague mwenyewe baada ya kuona viwango. Mgeuzieni mashine asome.

Kwa kampuni za safari kuna hatari kubwa kuliko asilimia yoyote. Mgeni anapolipia safari ya Serengeti kwa kiungo kilichotumwa kwenye simu, kadi haijaonekana na namba ya siri haijabonyezwa. Ada huwa juu zaidi, na mteja akija kuupinga muamala kwenye benki yake, mzigo wa kuthibitisha ni wa kampuni. Muda wa kupinga mara nyingi ni siku 120, na kwa huduma ya baadaye unaweza kuhesabiwa tangu siku ya huduma, si siku ya malipo. Fedha za amana ulizopokea Januari zinaweza kuondolewa kwenye akaunti yako Novemba, umeshalipia hifadhi, dereva na kambi. Weka barua pepe zote, masharti ya kughairi aliyoyakubali, na sahihi yake siku alipofika. Na mtu akiomba arudishiwe fedha, zirudishe kwenye kadi ileile iliyolipa. Anayeng'ang'ania arudishiwe taslimu au kwa akaunti nyingine, shuka naye polepole, kwa sababu huo ni mlango wanaoupenda wezi wa kadi.

Wengine mtasema, sisi tuna simu, kadi ya nini? Ni hoja nzito. Kenya, Lipa na M-Pesa ilizinduliwa mwaka 2013, na ada ya muuzaji imeshuka kadiri miaka ilivyokwenda hadi karibu nusu ya asilimia moja. Huku kwetu lipa namba imeenea mpaka kwa muuza mihogo, na Benki Kuu ya Tanzania imejenga mfumo wake wa TIPS unaounganisha benki na kampuni za simu ili fedha ivuke papo hapo. India ilikwenda mbele zaidi: tangu Januari 2020 muuzaji halipi chochote kwa malipo ya mfumo wao wa simu wa UPI, ila serikali inatenga fedha za kuzifidia benki. Kwa hiyo hata huko gharama ipo, wameamua tu ibebwe na hazina badala ya duka. Mimi napenda uamuzi wa namna hiyo kwa sababu umefanywa hadharani, bungeni na kwenye bajeti, na mwananchi anaweza kuuhoji. Lakini simu haitamwondoa Mtaliano wetu. Yeye ana kadi, na mkoa unaoishi kwa utalii lazima uipokee.

Ndiyo maana naona kazi iliyobaki ni ya benki kuu zetu, za Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali. Mwaka 2019 Tume ya Ulaya ilizibana Visa na Mastercard kuhusu kadi za kutoka nje ya Ulaya zinazotumika ndani ya Ulaya. Mitandao hiyo ikakubali: kadi ikiwepo dukani, ukomo ni uleule wa asilimia 0.2 na 0.3, kwa manunuzi ya mtandaoni, asilimia 1.15 na 1.50. Maana yake ni kwamba Mzanzibari mwenye kadi ya benki ya nyumbani akinunua viatu Roma, duka la Roma limelindwa dhidi ya benki ya Zanzibar. Ulaya iliyapata hayo kwa sababu ilikaa mezani kama soko moja kubwa, na ilitaka takwimu za ada zote ziwekwe mezani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wanachama wanane na mamilioni ya wageni kila mwaka. Kabla hata ya kudai ukomo, benki kuu ziziagize benki zote za biashara zimwandikie kila muuzaji, kwenye taarifa yake ya kila mwezi, mistari mitatu: kiasi gani kilikwenda benki ya mteja, kiasi gani mtandao wa kadi, na kiasi gani kilibaki hapa nyumbani. Benki zinazo takwimu hizo tayari kwenye kompyuta zao, maana ndizo zinazotumia kulipana kila usiku.

Mwenye duka anayesikiliza asisubiri agizo hilo. Kesho asubuhi anaweza kuandika barua ya nusu ukurasa kwa benki yake, akaomba mistari hiyo mitatu kwa mauzo ya mwezi uliopita, akagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake.